Siku Kumi za Danieli

Somo: Danieli, sura ya 1



Kila mwaka mvua za kwanza zinapokaribia, na wakulima wanapotayarisha mashamba, mji wetu wa Mbeya hupata wageni. Tunawaona kwenye kituo cha mabasi cha Nane Nane na kwenye stesheni ya TAZARA, wameshika masanduku na magodoro yaliyokunjwa, wakiuliza njia ya kwenda chuoni. Wengine wametoka Rungwe na Ileje, karibu tu. Wengine wametoka Kigoma, Lindi na Mara, nao wanashangaa baridi yetu ya asubuhi. Hao ndio wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwezi huu tumeona vema tuseme nao habari ya juma lao la kwanza darasani, na kisha tuseme na sisi wenyewe tunaowapokea.

Zamani jambo hili halikutuhusu sana. Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, kwa wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Kijana wa Nyanda za Juu aliyepata nafasi ya namna hiyo alikwenda mbali na macho yetu, nasi tulibaki kumwombea tu. Leo vyuo vimefika mlangoni petu. Chuo cha Ufundi kilichoanza hapa mwaka 1986 kilifanywa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Ndugu zetu Wamoravian wana Chuo Kikuu chenye jina la Askofu Teofilo Kisanji. Mzumbe wana tawi lao hapa, na Wakatoliki wana chuo chao. Huko Iringa, Mkwawa, palipokuwa shule ya sekondari, pamekuwa chuo kishiriki cha elimu tangu 2005. Kwa hiyo wageni hawa hawaendi tena mbali na macho yetu. Wanapanga vyumba katika nyumba zetu, wanapanda daladala pamoja nasi, na Jumapili wanakaa katika mabenchi ya nyuma ya kanisa letu.

Danieli alikuwa mwanafunzi

Tukisikia jina la Danieli, sote tunakumbuka simba. Watoto wa Sunday School wanaichora picha yake. Lakini miaka mingi kabla ya kutupwa katika tundu la simba, Danieli alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Someni sura ile polepole nyumbani. Mfalme Nebukadreza aliuhusuru Yerusalemu katika siku za Yehoyakimu, akachukua mateka. Akamwagiza Ashpenazi, mkuu wa matowashi wake, achague vijana wenye akili na afya njema, wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo. Muda wa mafunzo ulikuwa miaka mitatu, sawasawa na shahada nyingi za leo. Chakula na malazi vilitolewa na mfalme. Majina yao pia yalibadilishwa: Danieli akaitwa Belteshaza, na wenzake watatu wakaitwa Shadraka, Meshaki na Abednego. Jaribu kufikiri, ewe kijana, asubuhi yao ya kwanza. Lugha si yao, chakula si chao, mji ni mkubwa, na mtu akiwaita kwa jina jipya wanachelewa kuitika. Hawakuja kwa hiari, na hawakuwa na nauli ya kurudi.

Katika habari ile tunaona mambo matatu yanayomfaa mwanafunzi katika juma lake la kwanza.

La kwanza: alikubali kujifunza

Wako Wakristo wanaodhani kwamba uaminifu wa Danieli ulikuwa kukataa kila kitu cha Babeli. Sivyo. Elimu ya Wakaldayo hakuikataa. Alikaa chini akajifunza herufi zao na lugha yao, tangu mwanzo, kama mtoto, ingawa kwao alikuwa kijana wa ukoo wa heshima. Na mwisho wa miaka mitatu mfalme alipowahoji, aliwaona hao wanne kuwa bora mara kumi kuliko wataalamu wake wote. Mtu hafiki huko kwa kusali tu huku vitabu vimefungwa.

Tunalisema hili kwa sababu ya jambo linalowavunja moyo vijana wengi katika siku za kwanza, nalo ni lugha. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Sekondari husoma kwa Kiingereza, lakini mara nyingi mwalimu humfafanulia kwa Kiswahili pale anapokwama. Akifika chuoni anaingia katika ukumbi wenye watu mia mbili au zaidi. Mhadhiri anasema upesi, haandiki kila neno ubaoni, na saa ikiisha anaondoka. Kijana anatazama daftari lake, anaona ameandika nusu ya sentensi tano. Anageuka kumtazama jirani yake, naye anatikisa kichwa kana kwamba ameelewa yote. Hapo moyo wake unamwambia: umekuja mahali pasipokuwa pako.

Kijana wetu, usiusadiki moyo huo. Huyo jirani anayetikisa kichwa huenda ana nusu sentensi nne. Kutoelewa siku ya kwanza ndiyo sababu ya kuwapo kwa siku ya pili. Uliza. Kama unaogopa kuuliza mbele ya watu, mfuate mhadhiri nje, umwamkie kwa adabu na kumwuliza. Kama hapatikani, waulize wa mwaka wa pili, maana nao walikaa katika viti hivyo hivyo mwaka jana.

Kanisa letu lenyewe limetoka katika juma la kwanza la namna hii. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, na kutokana na wito wake ikaundwa ile Misheni iliyojulikana kwa jina la Vyuo Vikuu, ambayo wazee wetu waliiita UMCA. Mwaka 1864 Askofu Tozer alifika Unguja pamoja na Edward Steere. Sultani Majid akampa Askofu watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano walikuwa darasa la kwanza. Wamenyang'anywa wazazi, wamevuka bahari chini ya jahazi, na sasa wamekalishwa mbele ya wazungu ambao lugha yao hawaijui hata neno moja. Lakini tazameni jambo la ajabu: mwalimu naye alikuwa mwanafunzi. Steere alianza kujifunza Kiswahili, akakifuata kwa bidii hata mwaka 1870 akatoa kitabu cha kuwafundisha wengine lugha hiyo. Basi walianza pamoja, kila mmoja akiwa hajui. Mmoja wa watoto wale watano, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Na Cecil Majaliwa, naye mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa Kiungani, aliwekwa kuwa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa Misheni ile kupata daraja hiyo. Kama watoto wale wangepimwa kwa juma lao la kwanza, nani angewaona kuwa wanafaa?

La pili: aliazimu kabla ya sahani kuwekwa mezani

Danieli alikubali mengi, lakini liko jambo moja alilolikataa, nalo ni chakula cha mfalme na divai yake. Neno la kuangalia hapa ni wakati. Hakungoja mpaka ameonja, ameona utamu, na rafiki zake wamemzoea mezani. Aliamua moyoni mapema, katika siku zile za kwanza ambamo desturi ya mtu bado haijakauka, kama tofali kabla ya kuchomwa.

Kila mwanafunzi atawekewa sahani yake. Kwa mmoja ni pombe ya kukaribishwa na wenzake wa bweni. Kwa mwingine ni kubahatisha mpira kwa simu: leo anaweka shilingi mia tano, na kufikia Desemba fedha ya chakula imekwisha. Kwa mwingine ni kunakili kazi ya mwenzake, mara moja tu, kwa kuwa muda umebana. Kwa binti, yuko mtu mzima mwenye gari anayemwona akitembea kwa miguu toka chuoni, akasimama kwa upole mwingi, na siku ya tatu akauliza kama chumba kimelipiwa. Wala tusidhani kwamba wanaoshindwa ni watoto wabaya. Wengi ni watoto wazuri ambao hawakuamua kabla.

Angalieni tena adabu ya Danieli. Hakupiga meza, wala hakuwatukana waliokula. Alimwomba msimamizi kwa upole: utujaribu siku kumi kwa mboga na maji, kisha utazame nyuso zetu. Siku kumi tu! Hakuahidi miaka mitatu. Kwa hiyo nasi tunamwambia kijana anayeogopa: usijitwishe leo miaka mitatu yote. Chukua siku kumi. Siku kumi hudhuria kila kipindi. Siku kumi lala usiku na kuamka mapema. Siku kumi usiguse ile sahani. Siku kumi sali asubuhi, hata kama ni dakika chache nawe umekaa kitandani na wenzako bado wamelala. Halafu jitazame uso.

La tatu: hakuwa peke yake

Hapa tunafika mahali panapotuuma sisi wenyewe.

Danieli alikuwa na Hanania, Mishaeli na Azaria. Tena Maandiko yanasema kwamba Mungu alimpatia kibali na huruma mbele ya Ashpenazi. Huyo Ashpenazi hakuwa Mwisraeli, wala hakumjua Mungu wa Danieli, lakini Mungu alimtumia kumlinda mtoto wa watu.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja hapa kijana mmoja kutoka Ludewa, ng'ambo ya milima ya Livingstone, kusoma katika chuo kimojawapo cha mji huu. Wazazi wake waliuza miti ya mbao iliyokuwa bado michanga, kwa bei ya hasara, ili apate ada na fedha ya kuanzia. Alipotafuta chumba, mwenye nyumba alidai kodi ya miezi sita mbele. Kijana alikuwa na ya miezi minne. Akaomba amalizie baadaye, akakataliwa. Akalala sakafuni kwa mtu wa kwao, wanne katika chumba kimoja.

Jumapili alikuja kanisani kwetu. Alikaa benchi la nyuma. Misa ilipokwisha tulisimama mlangoni kama desturi yetu, tukawapa watu mikono, tukazungumza na wazee habari ya mabati ya paa. Kijana alipita. Tulimpa mkono huku tukimtazama mtu aliyekuwa nyuma yake. Hatukumwuliza jina.

Jumatatu vipindi vikaanza. Jumanne akaambiwa afanye kazi kwa kompyuta, naye kompyuta alikuwa ameigusa mara chache tu shuleni, tena kwa zamu. Jumatano alipiga simu nyumbani, akasema kila kitu ni kizuri. Alhamisi asubuhi alibeba sanduku lake, akaenda Nane Nane kutafuta basi la Njombe.

Pale kituoni alikuwapo mama mmoja Mwislamu aliyeuza chai na maandazi. Akamwona kijana ameketi juu ya sanduku, wala hapandi basi wala haondoki.

“Shikamoo mama,” kijana akasema, kwa kuwa alilelewa vizuri.

“Marahaba mwanangu. Vyuo vimefunguliwa juzi tu, nawe mbona unarudi? Kuna msiba?”

“Hakuna msiba, mama. Sitaweza tu.”

“Nani amekuambia?”

Kijana akanyamaza. Mama akamtilia chai, akampa na andazi, wala hakudai fedha. Kisha akasema: “Basi la Njombe lipo leo, kesho lipo, na keshokutwa lipo. Halitakuacha. Nipe mimi nauli yako nikutunzie. Kila ukitoka darasani pita hapa. Siku utakayoitaka nitakupa, sitakuuliza neno.”

Kijana alimpa ile nauli. Kesho yake akapita, akanywa chai, akaondoka. Kesho kutwa vile vile. Mama alikuwa akimwonyesha tu kile kitambaa alichofungia fedha, na kijana alikuwa akitikisa kichwa: bado. Juma la pili alikuwa amepata wenzake watatu wa kusoma nao jioni, na mmoja wao alikuwa na kompyuta. Siku chache baadaye aliidai nauli yake. Mama akafungua kitambaa bila neno, kama alivyoahidi. Kijana akaenda mjini, akanunua madaftari na kikokotoo.

Habari hii alitueleza mwenyewe wakati wa Kwaresima, alipokuja kutaka shauri la jambo jingine. Aliieleza bila uchungu. Sisi ndio tuliona uchungu, hasa aliposema: “Nilikuja hapa kanisani Jumapili ile, Padre. Ulinipa mkono.” Alimaliza masomo yake, na sasa anafanya kazi. Lakini aliyemzuia asipande basi hakuwa kasisi wake, wala mzee wa kanisa, wala mama wa Umoja wa Mama. Mungu alimtafutia Ashpenazi kwenye kituo cha mabasi, kwa sababu katika nyumba yake mwenyewe hakumpata mtu.

Na yule mwenye nyumba? Ndugu zangu, ni mwenzetu. Anakuja kanisani, anatoa zaka yake. Hatumtaji, maana kumtaja kungekuwa kumbebesha yeye peke yake mzigo ambao ni wetu sote. Wengi wetu tumejenga vyumba kwa ajili ya wanafunzi, na si dhambi kujenga wala kupokea kodi. Nyumba ina gharama zake, nasi pia tuna watoto wa kusomesha. Lakini kumfungia mlango mtoto mwenye kodi ya miezi minne mkononi, jioni, katika mji asioujua, kwa sababu haijafika sita, hilo ni jambo la kuulizwa. Bwana wetu ametuonya kwamba siku ya mwisho tutaulizwa habari ya mgeni. Hakusema kwamba ataulizia mkataba.

Basi tufanye nini?

Tunatoa maombi manne, si makubwa.

Kwanza, ninyi wenye nyumba: kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pokeeni kodi kwa mwezi mmoja mmoja, walau mpaka Noeli. Kama wenzenu wasioamini watawacheka, wacheni wacheke.

Pili, kila Jumapili mbili za mwanzo wa masomo wazee wawili wasimame mlangoni na daftari, waandike jina la kila mgeni, atokako, na mahali anapolala. Sisi makasisi tutasoma daftari hilo siku ile ile, si juma lijalo. Tumekwisha jifunza.

Tatu, kila nyumba iliyo karibu na vyuo, hasa upande wa Iyunga, imkaribishe mwanafunzi mmoja chakula cha mchana Jumapili. Hatuombi pilau. Ugali na mboga zatosha, ndicho chakula kilichowanenepesha Danieli na wenzake.

Nne, ninyi wazazi mlioko vijijini, ambao gazeti hili linawafikia: mkipigiwa simu na mtoto akasema kila kitu ni kizuri, msikubali upesi. Mwulizeni amekula nini, analala wapi, na nani anakaa naye darasani. Tena msimkumbushe kila siku miti iliyouzwa au ng'ombe aliyeuzwa. Anaikumbuka. Mwambieni kwamba hata akishindwa mtihani mmoja, kwenu bado ni kwao. Mtoto anayejua hivyo hushindwa mara chache kuliko yule anayeogopa kurudi.

Nanyi wanafunzi wapya, tunawaomba radhi kwa siku tulizowapita mlangoni. Msituache kwa sababu hiyo. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Huenda ninyi ndio mliotumwa kutuponya sisi ugonjwa wetu wa kujuana wenyewe kwa wenyewe tu.

Sura ile ya Danieli inamalizika kwa neno dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Inasema kwamba Danieli alidumu hata mwaka wa kwanza wa mfalme Koreshi. Yaani Nebukadreza alikufa, wafalme wengine wakapita, Babeli yenyewe ikaanguka, na yule mwanafunzi aliyeomba ajaribiwe siku kumi alikuwa bado yupo. Mungu aliyemchukua siku kumi, alimchukua na miaka yote iliyofuata.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyekuwa pamoja na vijana wanne katika shule ya mji wa kigeni, uwatazame watoto wetu walioanza masomo juma hili. Uwape akili ya kuelewa, ujasiri wa kuuliza, na moyo ulioamua mapema. Walio peke yao uwapatie wenzao. Utusamehe sisi tuliowapa mkono bila kuwatazama, na utufungue macho kabla Jumapili ijayo haijafika. Umbariki kila mtu, wa kanisa letu na asiye wa kanisa letu, anayemtilia chai mtoto wa mwenzake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndugu zenu katika Kristo,
Makasisi wa Mtaa